Mashindano ya Septemba, Likizo ya Agosti

SWALI

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni muuguzi ninayeishi na kufanya kazi Nuremberg, Ujerumani. Nimeolewa na Mtanzania mwenzangu, na tumejaliwa watoto wawili, binti wa miaka 11 na mvulana wa miaka 6. Baada ya kujifungua mtoto wa pili nilianza kukimbia kidogo kidogo kwa ajili ya afya, kwa sababu zamu za usiku zilikuwa zimenichosha mwili na akili, kisha mwenzangu wa kazini akanishawishi nijaribu triathloni, yaani mashindano ambayo mtu huogelea, akapanda baiskeli na kumalizia kwa kukimbia, yote mfululizo. Nilianza na umbali mfupi, nikapanda hadi umbali wa Olimpiki, na mwaka jana nikamaliza nusu ya umbali mrefu. Shuleni sikuwahi kuwa mwanamichezo. Katika nchi hii ya ugenini, mchezo huu ndio kitu cha kwanza nilichokichagua mwenyewe bila kusukumwa na kodi ya nyumba, kibali cha kuishi au ratiba ya hospitali, na ningependa ulielewe hilo kabla hujanihukumu.

Mwezi Januari nilijiandikisha katika mashindano ya umbali mrefu yanayofanyika Cervia, Italia, katika nusu ya pili ya Septemba: kuogelea kilomita 3.8 baharini, kuendesha baiskeli kilomita 180, kisha kukimbia marathoni nzima. Mpango wa mazoezi niliopewa na kocha unanitaka nifanye mazoezi kwa saa 10 hivi kwa wiki wakati huu wa Juni, na ikifika Agosti zitakuwa saa 14 au 15, zikiwamo saa 5 hadi 6 za baiskeli kila Jumamosi na mbio ndefu kila Jumapili asubuhi.

Shule za jimbo letu la Bavaria hufungwa mwanzoni mwa Agosti na kufunguliwa katikati ya Septemba. Mume wangu anataka sote twende Tanga kwa wiki 3 za mwezi wa Agosti, kwa mama yake, ambaye mjukuu wake wa kiume anamfahamu kwa simu tu. Nilipomwomba tuahirishe safari hadi Krismasi, ndipo maneno yalipoanza. Alisema kwamba nimekuwa kama mpangaji katika nyumba yangu mwenyewe, naondoka kabla hawajaamka, narudi mchana, nakula, nalala, na jioni ninaamka kwenda zamu. Binti yangu hakuchukua upande wowote, lakini Ijumaa moja aliniuliza kama kesho yake nitakuwa pamoja nao au nitakuwa na baiskeli, na aliuliza bila hasira yoyote, jambo ambalo limeniumiza kuliko maneno ya baba yake. Wifi yangu naye alipiga simu kutoka Tanga akasema mama wa watoto ana kazi gani barabarani kushindana na vijana.

Nimefikiria kusafiri na baiskeli ili niendelee na mpango nikiwa huko. Nimefikiria pia kuwaacha waende watatu, mimi nibaki nifanye mazoezi kwa utulivu, kisha tuwe na Krismasi nzuri pamoja. Siku nyingine nafikiria kuacha kabisa, lakini nimelipa mamia ya euro za kiingilio, na zaidi ya fedha, ninaogopa kwamba nikiacha sasa sitarudi tena. Naomba unisaidie kuona njia.

Mama wa Wawili,
Nuremberg

JIBU

Marahaba, Mama wa Wawili. Barua yako ina maswali mawili, na nadhani yamekuchosha kwa sababu unajaribu kuyajibu kwa jibu moja. La kwanza ni kama mama wa watoto ana haki ya kuwa na mchezo unaodai muda mwingi kiasi hicho, na la pili ni kama mashindano haya, kwa tarehe hii, yanafaa kwa mwaka huu. La kwanza nalijibu upesi: haki hiyo unayo, na wifi yako amekosea. Mwanamume anayeamka saa kumi na moja alfajiri akapanda baiskeli hadi adhuhuri huitwa mtu mwenye nidhamu, ilhali mwanamke akifanya hivyo huulizwa watoto amemwachia nani, hata kama amewaacha na baba yao mzazi. Hilo liweke kando, wala usiliingize katika mazungumzo na mume wako, kwa kuwa yeye hakulisema. Alilolisema yeye ni jingine, na lina uzito.

Swali la pili nalijibu kwa kusema hapana, na sababu yangu imo katika kalenda zaidi kuliko katika maadili. Siku ya mashindano ni moja, na kwa familia ndiyo siku iliyo nyepesi kuliko zote. Mzigo uko nyuma yake. Katika maandalizi ya umbali mrefu, wiki nzito kuliko zote huangukia takriban kati ya wiki ya nane na wiki ya tatu kabla ya mashindano, kisha mazoezi hupunguzwa kwa wiki mbili au tatu za mwisho ili mwili urudishe nguvu. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka nusu ya pili ya Septemba, utaona kwamba kipindi hicho kizito kinaanza mwishoni mwa Julai na kinameza Agosti yote, ambayo ndiyo kiini cha likizo ya watoto wako. Nadhani uliitazama tarehe ya Cervia ukaona inakuja baada ya shule kufunguliwa, na kwa hiyo ikaonekana kama tarehe isiyomgusa mtu yeyote, kumbe inagusa kila Jumamosi na kila Jumapili ambayo watoto wako huru.

Wanaofanya mchezo huu Ulaya hawana nafasi kubwa ya kukwepa mgongano huo, kwa sababu maziwa na bahari za huko huwa baridi mno kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mashindano mengi yanabanwa kati ya Mei na Septemba. Hata hivyo, ndani ya miezi hiyo mitano pana tofauti kubwa. Hapo jirani nanyi, Roth, mashindano ya umbali uleule wa kilomita 3.8, 180 na 42.2 hufanyika kwa kawaida mapema Julai, watu wakiogelea katika mfereji unaounganisha mito ya Main na Danube. Anayejiandaa kwa ajili ya Roth huzibeba wiki zake nzito Mei na Juni, watoto wakiwa shuleni siku nyingi za wiki, na Bavaria inapofunga shule mwanzoni mwa Agosti yeye huwa ameshamaliza, anapumzika, na hana cha kumwamsha alfajiri. Anayetaka nusu ya umbali anaweza kwenda Kraichgau, kusini-magharibi mwa Ujerumani, ambako kwa kawaida hushindana mwishoni mwa Mei. Mei na Juni nazo zina lawama zake, maana likizo ya Pentekoste ya Bavaria huangukia humo, lakini wiki mbili zinapangika kwa urahisi zaidi kuliko sita.

Sasa niyapime yale uliyoyafikiria. Kubaki Nuremberg peke yako na kuwaacha watatu waende Tanga ndiyo njia ambayo ningekuomba uifute kabisa. Bibi atamkumbatia mjukuu wake kwa mara ya kwanza, na kila atakayefika nyumbani kusalimia atauliza mama yao yuko wapi, na mume wako atalazimika kulieleza jambo ambalo yeye mwenyewe halikubali. Krismasi haitaliponya hilo. Isitoshe, likizo ya Krismasi ya shule za Bavaria ni takriban wiki mbili, na sheria ya huko haiwaruhusu wazazi kuirefusha kwa hiari yao, kwa hiyo safari uliyoipendekeza ingekuwa fupi zaidi, na kwa kawaida tiketi za majira hayo nazo hazina huruma.

Kusafiri na baiskeli kunaonekana kama suluhu, lakini kutakuharibia mambo mawili kwa pamoja. Saa 6 za baiskeli katika barabara kuu ya kutoka Tanga kwenda Segera, pamoja na malori na mabasi yanayopitana kwa pupa, ni hatari ambayo singemshauri mama yeyote aiingie kwa ajili ya mazoezi. Barabara ya kupanda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto ni nzuri sana kwa miguu yenye nguvu, lakini kuifikia kutoka mjini Tanga ni safari ya gari ya saa kadhaa, na mtakuwa mmegeuza ziara ya kwa bibi kuwa kambi. Kuna pia suala ambalo nadhani mume wako alikuwa akijaribu kulisema alipotumia neno mpangaji. Kinachoikosesha familia si zile saa 15 pekee, kwa maana saa 15 katika wiki ya saa 168 si nyingi kwa kuhesabu. Ni kile kinachofuata: usingizi wa mchana, kukosa subira, mazungumzo yanayoishia kwenye kilomita, na akili ambayo Ijumaa jioni imeshaanza kuwaza hali ya hewa ya Jumamosi. Uchovu huo ungesafiri nawe hadi Tanga hata kama baiskeli ingepotea uwanja wa ndege.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba usishindane umbali mrefu mwaka huu, na uende Tanga kwa wiki zote tatu. Hilo halikulazimu kuacha mchezo. Wikendi hiyohiyo Cervia huwa na mashindano ya nusu ya umbali, yaani kilomita 1.9, 90 na 21.1, ambayo mwili wako unayafahamu. Soma masharti uliyoyakubali ulipojiandikisha, kisha waandikie waandaaji wiki hii kuuliza kama unaweza kuhamia nusu ya umbali, au kuhamisha nafasi yako hadi mwaka mwingine, na ni kabla ya tarehe gani. Wasipokubali, hizo mamia za euro zimekwisha kulipwa kwa namna zote mbili, ukishindana au usiposhindana, na hazipaswi kupewa kura katika uamuzi huu. Tiketi za ndege za watu wanne ndizo fedha ambazo bado mnaweza kuzipangia.

Nimeichagua nusu ya umbali kwa sababu inavumilia likizo. Safari ndefu ya baiskeli inayohitajika ni ya saa 3 hivi, na mkirudi kabla ya mwisho wa Agosti utabakiwa na takriban wiki nne, ambazo zinatosha kurudisha miguu kwenye baiskeli kwa wiki mbili na kupunguza mazoezi kwa mbili zilizobaki. Usiogope kwamba wiki 3 bila baiskeli zitafuta kazi ya miezi. Imejulikana tangu tafiti za miaka ya 1980 kwamba mtu aliyekwisha kujijenga anaweza kupunguza sana wingi wa mazoezi na bado akashikilia sehemu kubwa ya uwezo wa moyo na mapafu yake, mradi yale machache anayoyafanya ayafanye kwa nguvu. Kinachopungua mapema zaidi ni ustahimilivu wa saa nyingi, na huo ndio ambao umbali mrefu ungeudai na nusu haiudai sana.

Ukiwa Tanga, mazoezi yako yaishe kabla chai haijaandikwa mezani. Agosti ni msimu wa kipupwe, asubuhi za pwani zinavumilika, na mbio za dakika 40 hadi 60, mara tatu au nne kwa wiki, zenye vipande vichache vya kasi ndani yake, zinatosha kabisa. Kuogelea kunahitaji uangalifu zaidi. Upepo wa kusi huwa bado unavuma mwezi huo na bahari hulegea zaidi asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa kwa maji ni kubwa, hasa siku za bamvua. Waulize wavuvi maji yatajaa saa ngapi, ogelea sambamba na ufuo eneo la Raskazone badala ya kuelekea nje, vuta boya la rangi kali nyuma yako, na usiingie peke yako. Kama shemeji yako mmoja ni mwogeleaji, mwombe akusindikize, na ukimchukua binti yako ajifunze kuelea katika maji ya kifuani ukishamaliza mizunguko yako, sehemu hiyo ya zoezi haitahesabiwa na mtu yeyote kuwa muda ulioibwa. Siku ambayo ugeni umejaa nyumbani na mama mkwe anataka umsaidie au umsikilize tu, zoezi liache, wala usilipie kesho yake kwa kufanya mara mbili.

Kabla ya safari kuna Juni iliyobaki na Julai nzima, na hapo ndipo malalamiko ya nyumbani yanapohitaji jibu la vitendo. Mpango wa kocha umeandikwa kwa mtu asiye na zamu za usiku wala watoto. Mwambie aurekebishe, na kama hawezi, basi tafuta mwingine anayewafahamu wazazi. Jumamosi mbili za mwezi ziwe za baiskeli na zilizobaki ziwe huru kabisa, na zote ziandikwe kwenye kalenda iliyobandikwa jikoni ili binti yako asilazimike kuuliza. Familia nyingi huvumilia kutokuwapo kwa mtu kukiwa kunajulikana mapema. Kinachochosha ni kusubiri mtu aliyesema atarudi saa tano akarudi saa saba. Jumamosi moja panda baiskeli kutoka nyumbani hadi ziwa Brombachsee, ambalo liko takriban kilomita 50 kusini mwenu, nao wakufuate kwa gari au kwa treni ya Pleinfeld. Ogelea mara moja baba yao akiwaangalia watoto, kisha kaa nao mchangani hadi jioni na urudi pamoja nao. Kwenda kazini na kurudi kwa baiskeli kutakupa saa nyingine ambazo hakuna anayezidai, isipokuwa asubuhi za baada ya zamu ya usiku, ambapo muuguzi asiyelala hana usalama barabarani. Asubuhi hizo panda treni.

Limebaki jambo ambalo barua yako haikuligusa. Umeeleza kwa kina saa zako zinakwenda wapi, lakini hukuandika hata mstari mmoja kuhusu saa za mume wako. Sijui kama ana mchezo, rafiki, kwaya, au chochote kinachomtoa nyumbani kwa raha yake, na nisipokosea, hata wewe hulifikirii sana. Mtu anayebaki na watoto kila Jumamosi bila kuulizwa hugeuka kuwa sehemu ya mpango wa kocha ambaye hajawahi kukutana naye. Unapomwambia kwamba mtakwenda Tanga, mwambie bila kuongeza kwamba umejitolea mhanga, kwa sababu akilisikia neno hilo atatakiwa kukushukuru wiki zote tatu. Kisha mwulize Jumamosi zake mbili za mwezi anazitaka kwa kazi gani, na uzitunze kwa ukali uleule unaoutunza mpango wako, hata kama atazitumia kulala.

Kwa watoto, nakushauri usiwapeleke kukutazama umbali mrefu mpaka wakue. Kusimama saa 13 au 14 kando ya barabara ili kumwona mama akipita kwa sekunde chache si likizo. Umbali mfupi wa mita 750, kilomita 20 na kilomita 5 huisha kabla hawajachoka, na mashindano mengi ya miji midogo ya Ujerumani huwa na mbio za watoto siku hiyohiyo. Tafuta moja la Julai karibu nanyi na umwandikishe mvulana wako, ikiwa anataka mwenyewe.

Kuhusu hofu yako ya kutorudi tena: panga mwaka ujao kabla ya Septemba hii kuisha, mkiwa wote wawili mmekaa na kalenda ya shule mbele yenu. Kama bado unautaka umbali mrefu, lenga mapema Julai. Nafasi za Roth hugombewa sana na hujaa upesi mno usajili unapofunguliwa, kwa hiyo uwe na chaguo la pili, au jiungeni watu watatu kutoka hospitalini kwenye kikundi cha kupokezana, mmoja aogelee, mmoja aendeshe, mmoja akimbie. Hiyo ingekupa siku nzima ya Roth kwa theluthi ya mazoezi. Saa zako ndefu uzianze Novemba, jioni za giza, watoto wakiwa wameshalala na baiskeli yako ikiwa imefungwa kwenye mashine yake sebuleni. Na mwandikie mama mkwe mapema, kabla wifi hajamsimulia kwa namna yake, kwamba mtakuja wote wanne, na kwamba asishangae akikuona umevaa viatu vya kukimbia saa kumi na mbili asubuhi.